Ikisimama Inazima

Saa nne asubuhi njia panda ya sokoni ilikuwa imefurika. Magari yamebanana, wachuuzi wanapenya na mabeseni kichwani, na katikati ya vurugu hiyo pikipiki moja ndogo nyekundu ikazima. Kijana aliyeipanda akapiga kiki. Ikawaka, ikakohoa, ikazima tena. Nyuma yake honi zikaanza kulia kana kwamba zimeambizana.

Kando ya barabara alikuwa amesimama mwanamke mwenye ovaroli ya buluu iliyopauka magotini na kitambaa cha manjano kichwani, mkononi ana plagi mbili alizotoka kununua. Alikuwa fundi pikipiki, na masikio yake hayakuwa na likizo. Alisikiliza ule mlio mara mbili, uvumilivu ukamwishia, akaingia barabarani.

"Kaka, umevuta choki?"

"Nimevuta. Bila choki haiwaki."

"Injini imeshachemka yote hiyo bado unainywesha tu! Irudishe choki. Haya, fungua mafuta kidogo. Kidogo nimesema! Piga sasa."

Ikawaka. Kijana akacheka kwa mshangao, meno yote nje.

"Usiachie mafuta," Fundi alimwonya. "Ukiachia tu, imezima. Nifuate."

"Nikufuate wapi, dada?"

"Karakana, hapo nyuma ya duka la rangi. Au umezipenda honi?"

Karakana yenyewe ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo sita, meza ndefu iliyolowa oili, na makopo ya nati yaliyopangwa kwenye ukuta wa stoo nyuma. Penye kuingilia alikaa baba yake Fundi, mzee ambaye macho yalikuwa yamemwacha lakini vidole bado vilikuwa na kazi, anachambua nati kwa kupapasa. Yeye ndiye aliyemfundisha bintiye. Kila siku wateja walimpita binti na kumwuliza mzee, "Fundi yuko wapi?" Naye kila siku aliwajibu, "Mmempita."

Kijana huyu hakuuliza. Alimkabidhi mwanamke ufunguo, akakaa kwenye benchi na kuliweka pembeni sanduku jeupe la barafu lililoandikwa DAMU kwa herufi nyekundu.

"Usiogope," alisema alipoona jicho la Fundi. "Sasa hivi ni tupu. Napeleka damu kutoka benki ya damu kwenda hospitalini. Ndiyo maana ikizima nakosa raha. Ikienda, inakwenda vizuri. Ikisimama, inazima."

Fundi aliifungua kabureta, akatoa jeti, kijibomba cha shaba cha kupitishia petroli, na kuiinua kwenye mwanga. "Tazama. Unaona tundu?"

"Sioni kitu."

"Basi na petroli nayo haioni pa kupita. Kwa mwendo inapata njia kubwa. Ukisimama inategemea katundu haka, na katundu kamejaa uchafu. Choki inakuficha ugonjwa tu, inapunguza hewa, injini inadhani imeshiba."

Alipuliza, akasafisha, akarudisha, akaikaza skrubu kwa bisibisi huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza siri. Injini ikatulia, tu-tu-tu, sawasawa. Kijana hakuwa akiitazama injini.

"Na wewe," aliuliza, "ukisimama huzimi?"

"Mimi nina fundi wangu," akajibu bila kuinua uso, kisha akamwonyesha kidole baba yake. Mzee akacheka mpaka nati zikamwagika.

Ndivyo yalivyoanza. Simu ya kwanza ilikuja siku iliyofuata, saa saba mchana, kutoka kwenye kibaraza cha hospitali.

"Fundi wangu, umekula?"

"Tangu lini nikawa wako?"

"Tangu jana. Hukuambiwa?"

"Bwana Damu, kata simu ufanye kazi."

"Nakata. Lakini sema kwanza umekula."

Wiki mbili baadaye kijana alikuwa hakati tena kabla hajaitwa mpenzi, na Fundi, ambaye zamani simu yake ilikaa kwenye kopo la nati hadi jioni, sasa aliiweka mfuko wa kifuani. Jumapili walitembea pamoja, yeye na gauni la kijani lililomkaa hadi watu wa mtaani wakashindwa kumtambua, kijana na shati lililopigwa pasi kila mahali isipokuwa mgongoni. "Mgongo huoni," alijitetea. "Wanaoona ni wengine, na mimi sitembei na wao." Fundi alicheka njia nzima.

Kisha ikaja ile Jumanne.

Fundi alikwenda kununua vipuri, akapita mbele ya karakana kubwa iliyo karibu na kituo cha mafuta. Akaiona pikipiki nyekundu. Kabureta yake ilikuwa wazi mezani kwa fundi mwingine, na mpenzi wake amechuchumaa kando, wanacheka.

Hakuingia. Aligeuka na kurudi. Angemfumania na msichana, labda angejua la kusema. Hili lilimchoma mahali pengine kabisa. Miaka tisa watu walimpita wakimtafuta mwanamume wa kuwatengenezea pikipiki, akazoea. Huyu mmoja hakumpita, ndiyo maana moyo ulimfungukia. Kumbe naye amempita.

Simu ililia mara sita. Hakupokea. Aliandika ujumbe mmoja: "Umepata fundi mwingine. Hongera." Kijana alipokuja mwenyewe kesho yake, Fundi alijificha nyuma ya pazia la stoo na kumwomba baba aseme hayupo.

Mzee hakuwahi kuujua uongo. "Kasema hayupo," alimwambia mgeni.

"Basi mwambie nimekuja, baba."

"Amesikia."

Siku nane zikapita. Fundi alifanya kazi kama kawaida, ila aliidondosha bisibisi mara nyingi, na baba yake alikuwa akizihesabu.

Alhamisi saa nane mchana simu ikalia. Fundi alitazama jina, kidole kikaenda kwenye kukata, kisha, mwenyewe hajui kwa nini, akapokea.

"Usikate!" Kijana alikuwa anahema. "Si mambo yetu. Nimebeba damu. Kuna mama amejifungua anavuja damu, wananisubiri. Foleni imeganda, hata gari la wagonjwa halipiti. Mimi nilikuwa napenya, sasa imezima. Fundi, tafadhali."

Hasira ikakaa kando yenyewe. "Ina joto?"

"Inaunguza."

"Ikizima huwa inalia vipi? Inashuka polepole au inapanda kwanza?"

"Inapanda, inapiga kelele, halafu inakufa."

Fundi akafumba macho. Inapanda kwanza. Hewa inaingia mahali isipotakiwa. "Una maji ya kunywa? Vuta choki nusu, iwashe, usiachie mafuta. Kati ya kabureta na injini kuna mpira mweusi mnene. Umwagie maji matone machache, uniwekee simu karibu."

Kelele za barabara zikajaa sikioni, kisha injini, kisha mlio ukabadilika ghafla, ukatulia kwa pumzi moja, ukachafuka tena.

"Umepasuka huo," Fundi alisema. "Ukipoa unajifunga, ukichemka unafunguka. Sanduku umelifunga kwa kamba za mpira?"

"Mbili."

"Fungua moja. Uzungushie mpira ule, vuta mpaka kamba ilie, zungusha tena, funga fundo. Vidole vitaungua. Vumilia."

Alimsikia akigugumia kwa maumivu. Alimsikia akipiga kiki. Injini ikawaka, na safari hii ikatulia.

"Rudisha choki taratibu," alisema. "Imezima?"

"Haijazima."

"Basi unangoja nini? Nenda!"

Simu ikakatika. Fundi aliketi sakafuni. Ule mpira angeuona siku ya kwanza, kama angeiacha injini ichemke na kuijaribu upya. Alisafisha jeti, akasikia imetulia, akaridhika. Kumbe ugonjwa ulikuwa umerudi, na kijana hakumwambia.

Jioni jua halijazama, pikipiki nyekundu iliingia karakana. Kijana alishuka. Vidole vitatu vilikuwa na malengelenge.

"Mama mzima," alisema kabla ya salamu. "Na mtoto. Wa kike. Bibi yake alinikumbatia kwenye korido mpaka nikakosa pumzi, ananiambia asante, asante. Nikamwambia, shukrani hizi nitazifikisha zinakohusika." Akamgeukia Fundi. "Nimezileta."

Fundi alichota maji baridi kwenye beseni, akakishika kiganja chake na kukizamisha. "Kwa nini hukuniambia imerudia?"

"Siku niliyokuja kukuambia, nilikuta wateja watatu wamekuzunguka. Mmoja anasema hamwamini mwanamke kwa kabureta. Ningesemaje mbele yao kwamba yangu imezima tena? Nikaona niitengeneze kimya kimya, usiaibike. Yule jamaa wa karakana kubwa aliipandisha skrubu tu, ikawa inapiga kelele hata nikisimama."

"Na ulivyonificha, hukuniaibisha?"

"Nilikosea, mpenzi."

"Na mimi nilikosea. Kazi yangu ilikuwa nusu. Ningependa kusikia kwako, hata mbele ya watu mia." Alimfuta vidole kwa upole, kimoja kimoja. "Asante kwa kunipigia leo. Ungeweza kumpigia yule fundi mwingine."

"Sikumkumbuka hata kidogo," kijana alisema. "Nilipoogopa, jina lililokuja ni lako. Nikafikiri njia nzima: hilo jina ndilo nataka kuliita kila siku, iwe kuna hatari au hakuna. Nikubali tuoane."

Fundi alifungua mdomo, machozi yakatangulia. Akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kisha mara nyingi. "Kesho uje uzungumze na Baba, kwa heshima."

"Kwa nini kesho?" mzee aliuliza kutoka kwenye kiti chake. "Mimi leo nina safari?"

Kijana alikwenda kupiga magoti mbele ya kiti. Hakuwa amejiandaa. Mzee alinyoosha mkono, akapapasa hadi akaupata uso wake, paji, mashavu, kidevu, bila haraka.

"Macho yangu yalipoondoka," alisema, "niliogopa jambo moja tu, kwamba huyu mtoto akiwa na furaha sitaiona. Leo nimeisikia." Akauacha mkono wake begani kwa kijana. "Asante sana, mwanangu."