Chumba cha Wankyo Kinatumia Umeme

Kosa la Evance lilikuwa dogo, kosa la fundi mwenye haraka zake. Alipofunga kwenye nyumba yao ya Manyamanyama, pale Bunda, mfumo wa kuonyesha kwenye simu kila chumba kinatumia umeme kiasi gani, mfumo ulitaka kila chumba kiwe na jina. Chumba cha marehemu bibi yake akakiita Wankyo, jina la bibi mwenyewe.

Jioni hiyohiyo Lilian, mkewe, aliona kwenye simu mstari wa Wankyo unapanda. Chumba chenyewe kilikuwa na kufuli, hakina hata taa. Akajipa moyo kwamba mfumo ni mbovu, basi. Lakini siku zilizofuata, kila mstari ulipopanda, harufu ya ugoro aliokuwa akinusa bibi ilijaa sebuleni, na Debora, binti yao mchanga, akalia mpaka sauti ikamkauka. Alikataa kunyonya. Alikuwa ananyauka machoni pao.

"Simu inakataa kufuta ile jina," Evance alisema, uso umemshuka. "Kesho nitaifuta na kompyuta ya kazini, Musoma."

Kesho yake, alipokwisha kuondoka, mstari ulipanda kuliko siku zote, na nyuma ya ule mlango kikasikika kikohozi cha mwanamke mzee, kisha miguu inayoburuzwa sakafuni, ikija taratibu, ikisimama, ikija tena, hadi kitasa kikaanza kuzunguka chenyewe huku Lilian amemkumbatia mwanawe.

"Evance aliandika jina gani?" mama mkwe wake, Bhoke, aliyekuwa naye sebuleni, alinong'ona.

"Wankyo, mama."

"Yesu wangu! Mmemwita mtu na jina lake halijarithiwa? Amelifuata. Sisi mtoto akiliaga hivi tunampaga jina la marehemu, ananyamaza."

Hakusubiri. Alimpaka mtoto maji kwenye paji la uso. "Wankyo, karibu nyumbani. Tulia."

Kitasa kikasimama. Mtoto akanyamaza, akanyonya, akalala. Lilian alilia kwa furaha.

Akafungua simu. Mstari wa Wankyo ulikuwa bado unapanda na kushuka, polepole. Akatazama kifua cha mtoto. Kilipopanda, mstari ulipanda. Kiliposhuka, ulishuka.

Simu ikaita mkononi mwake. Alikuwa Evance, sauti imejaa furaha.

"Mama Debora, usiogope tena. Ile jina nimeifuta sasa hivi."

Kifua cha mtoto kilikuwa kimeshuka. Lilian alikuwa anasubiri kipande tena.