Daraja la Harle

Katika mwaka wa kumi na tatu wa enzi ya Mfalme Aldred, watu wa Uingereza walikuwa hawajui tena mfalme wao anakaa wapi. Tangu avikwe taji hakupata kulala siku kumi mfululizo chini ya paa moja. Mwezi huu alikuwa kusini akiwatia adabu mabwana wa mwambao waliokataa kumtii. Mwezi uliofuata yuko magharibi akipigana na watu wa milimani. Na kabla majeruhi hawajapona, alikwishageuza farasi wake kuelekea kwingine. Nyuma yake walifuata askari elfu tatu, wapishi, wahunzi na makasisi, pamoja na magari ya kukokotwa na ng'ombe yaliyosheheni mahema na mapipa.

Mbele ya msafara huo, umbali wa mwendo wa siku moja, alitangulia mtu aitwaye Wistan. Kazi yake ilikuwa kuchagua njia na malazi. Aliingia vijijini amevaa joho jekundu lenye nembo ya mfalme, kipande cha chokaa mkononi, akatia alama milangoni: msalaba penye nyumba ya kulala mabwana, duara penye ghala la nafaka, mstari penye zizi. Wenye nyumba walimtazama. Jeshi likishapita, kilichobaki kijijini ni majivu ya mioto ya askari.

Wistan hakuwa mtu katili, ila alikuwa amezoea. Miaka hiyo kumi na mitatu ilikuwa imemtia miguuni wasiwasi usiotulia. Akiketi mahali kwa siku mbili, huanza kukagua kwato za farasi na kuuliza habari za njia.

Mavuno yalipokwisha mwaka huo, ikaja habari kwamba Morkar, mpwa wa mfalme na liwali wa kaskazini, ameasi na kujifungia katika ngome ya Skarn. Aldred hakungoja hata mkate utoke tanuuni. Jioni ileile jeshi likashika njia.

Kufika Skarn kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilipita bonde la Harle, kwenye maghala yaliyojaa na daraja imara la mawe. Ya pili ilikatiza nyika ya Brenn, nchi ya juu isiyo na mti wala nyumba, siku nne za matope na upepo wa kukata mifupa.

"Nenda Harle ukatie alama," mfalme alimwambia Wistan. "Kama kuna kizuizi, rudi unieleze."

Harle ndiko alikozaliwa Wistan. Mwenzake wa safari, Gamel, jitu la kaskazini lenye sauti nzito na moyo mwepesi wa kucheka, alibaki na jeshi kwa kuwa farasi wake alikuwa anachechemea. "Nisalimie dada yako," alisema, "na umwambie nakuja kula jibini yake."

Aldith, dada yake Wistan, alimkuta mdogo wake amesimama uani, chokaa mkononi. Hakumkumbatia.

"Wanakuja?" aliuliza.

"Kesho kutwa, dada."

"Unakumbuka kijiji cha Ostby, mlikopita mwaka jana?"

"Nakumbuka."

"Mimi nilikwenda Ostby baada ya theluji kuyeyuka. Nilikuwa natafuta mbegu za kununua. Sikukuta mtu wa kuniuzia, Wistan. Nilikuta milango, na alama zako bado ziko juu yake." Akashika ndoo yake ya maziwa. "Sikuombi kitu. Wewe ni mtu wa mfalme. Nataka tu ujue kwamba huku tuko watu mia mbili na kumi."

Wistan alizunguka kijiji chote akinyoosha mkono na kuurudisha. Hakutia alama hata moja. Alipanda farasi, akavuka daraja mara mbili bila sababu, kisha akarudi kwa kasi hadi kambini, akapiga goti mbele ya mfalme.

"Maulana, mto umefurika. Daraja la Harle limechukuliwa na maji."

Aldred alimtupia jicho. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye ndevu zilizoanza mvi na macho yasiyotua mahali. "Basi ni Brenn," alisema, na akaamuru parapanda ipigwe.

Mvua iliwapata siku ya pili. Magari yalizama, yakaachwa. Chakula kiliisha siku ya tatu, na baridi ikaanza kuchagua watu wake. Gamel alikuwa amempa mpiga upinde mmoja mgonjwa joho lake, akatembea na fulana ya ngozi iliyoloa. Asubuhi ya nne hakuweza kuinuka. Wistan alikipakata kichwa chake mapajani.

"Lile daraja," Gamel alisema polepole, "lilijengwa na mababu zenu, sivyo? Ulisema halitikisiki."

Wistan aligeuza uso. Gamel alimtazama, na huenda alielewa, kwa maana alifumba macho bila kuuliza tena. Watu thelathini na mmoja walizikwa kwenye nyika ile.

Jeshi liliposhuka kutoka Brenn, wapelelezi walikuja mbio na habari ya ajabu. Skarn ilikuwa karibu tupu. Morkar alikuwa amewapeleka wapiga upinde wake na wapanda farasi wote kwenye vilima vya Harle, wamvizie mfalme darajani, kwa kuwa kila mtu alijua Aldred hufuata njia yenye chakula. Kabla jua halijafika utosini malango ya Skarn yalivunjwa kwa magogo, na Morkar akatolewa bila deraya, mikono imefungwa kwa kamba ya farasi wake mwenyewe. Jeshi lake lililokuwa vilimani liliposikia, likaweka silaha chini.

Kesho yake mfalme alimwita Wistan ukumbini, akawatoa watu wengine wote.

"Mateka wananiambia daraja la Harle limesimama," alisema, huku akitembea kutoka dirisha hadi dirisha. "Ulijua kuna wavizi?"

"Sikujua, maulana."

"Basi ulinidanganya kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya ghala la dada yangu, na maghala ya jirani zake."

Aldred alisimama, jambo ambalo Wistan alikuwa hajaliona mara nyingi. "Nikikunyonga, itabidi niwaambie askari kwamba ushindi wao umetokana na uongo wa mtumishi. Nikikutuza, kila mtangulizi atanichagulia njia aipendayo. Vua joho hilo. Utakaa Harle hadi ufe. Ukionekana nje ya bonde lile, kichwa chako ni halali ya yeyote."

Wistan akakaa Harle. Majira yale ya baridi hakufa mtu kwa njaa. Lakini alikuwa akiamka alfajiri na kutembea hadi mpakani mwa bonde, akasimama, akarudi, mpaka njia ya nyayo zake ikaonekana kwenye majani. Theluji ilipoyeyuka alimwambia dada yake anakwenda kutafuta mwana-kondoo aliyepotea. Aldith alimfungia mkate wa siku sita, wala hakuuliza kondoo gani.

Alitembea siku tatu kwa miguu, akijificha kila aliposikia kwato, hadi nyumbani kwa Sunniva, mjane wa Gamel. Alimwambia yote akiwa amesimama mlangoni. Mwanamke yule aliendelea kusokota uzi hadi mwisho.

"Hao watu wa Harle," alisema, "wapo wote?"

"Wapo wote. Na watoto wanne wamezaliwa."

Sunniva aliweka chini pia yake ya kusokotea. "Siwezi kukusamehe, Wistan. Labda mwaka mwingine. Lakini umekuja, na unajua kichwa chako kinawindwa. Ingia ndani ule, kisha unionyeshe ni upande gani wa nyika mlikomlaza."

Waandishi wa nyumba za watawa waliandika kwamba Mfalme Aldred, kwa hekima aliyojaliwa na Mungu, aliiacha njia ya Harle akapita Brenn, akawashinda adui zake. Hawakumtaja Gamel wala Wistan. Kiangazi kile wachungaji wa nyika waliwaona mwanamume na mwanamke wakipanga mawe juu ya kaburi moja, kila mmoja upande wake, bila kusemezana, na walipomaliza hilo wakaanza la pili.