Upande Wako wa Kitanda

Duka la kuchapa lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Mchoraji wa matangazo, ndani ya gauni la njano na penseli imechomekwa kwenye nywele, alikuwa akikagua bango lake sauti ya kiume iliposema nyuma yake, "Dada, maneno ni mengi mno. Futa, bakisha moja."

Aligeuka amtie adabu. Akakuta shati jeupe lililonyooshwa vizuri na macho yanayocheka. Alikuwa mwandishi wa matangazo. Wakaondoka pamoja, na tangu siku hiyo mchoraji akamwita Bwana Futa.

Mapenzi yakanoga, mswaki wa Bwana Futa ukahamia kwa mchoraji. Kisha akaanza kupokea simu nje, mlango ameufunga. Jioni moja akiwa anaoga simu yake iliwaka mezani, na mchoraji akachungulia. Mtu aliyeitwa "Bibie wa Kazi" ameandika: *Hapo kwenye "Upande wako wa kitanda bado una joto" umeniua kabisa. Nitumie mengine.*

Mwandishi alitoka na taulo, akamkuta ameishika.

"Bibie gani huyu mwenye upande kitandani?"

"Ni kazi, laazizi."

"Kazi ya kitandani?"

"Nimesaini mkataba wa siri. Kazi amepewa yeye na mteja, mimi kanigawia tu. Nikimwambia mtu yeyote, hata wewe, sipati kazi tena mji huu."

"Na mimi nasaini hiyo mikataba. Sijaona wenye joto."

"Niamini, mpenzi."

"Chukua mswaki wako."

Akaenda. Mchoraji akabadilisha shuka, akalala katikati ya kitanda na usingizi usije. Alimwona yule Bibie waziwazi: mrefu, kucha nyekundu, anacheka hovyo. Alimchukia hadi kwenye mifupa.

Siku chache baadaye, mama anayemgawia kazi alimtumia maneno ya bango jipya. Mteja ni kampuni ya magodoro. Mstari wa kwanza: *Upande wako wa kitanda bado una joto.*

Kumbe Bibie ndiye huyu, mama wa watu, anayempigia simu huku wajukuu wakilia nyuma. Mchoraji alicheka, kisha akalia kwa aibu. Alitamani kumpigia mwandishi papo hapo, lakini naye alikuwa amesaini. Mwenzake alikubali kufukuzwa kuliko kuvunja ahadi, na yeye hakutaka kuwa wa kwanza kuivunja.

Akampigia yule mama.

"Mama, nina marekebisho kwa mwandishi. Usinitajie ni nani."

"Sema."

"Mwambie mchoraji anasema maneno ni mengi mno. Afute yote, abakishe moja: Rudi."

"Mteja atalikubali hilo?"

"Usimwonyeshe mteja."

Jioni hodi ikapigwa. Shati lilelile jeupe, mswaki mfukoni.

"Nimeitwa na mchoraji nisiyemjua."

"Hata mimi simjui. Nisamehe, wivu ulinipanda kichwani. Niliumia vibaya."

"Na mimi niliumia." Akamshika mkono. "Kuna mkataba ningependa tusaini wawili. Huo hauna siri, ruhusa kumwambia kila mtu."

Mchoraji akatazama chini, akatabasamu. "Na Bibie wako?"

"Tumwalike harusini."

"Aje. Ila akae nyuma kabisa, na asikuandikie kitu."

"Kwa hiyo umekubali, hujakubali, unafikiria, au—"

"Maneno mengi hayo," akasema. "Ndiyo."