Mnywaji wa Kitanda cha Tatu

Maji ya ndoo yalikuwa meupe, na Azumi alisimama katikati ya chumba cha uzazi akiyatazama kama mtu aliyepewa barua asiyojua kuisoma.

Kwa miaka kumi na tisa mama huyu alikuwa akipiga deki wodi ya wazazi pale hospitali ya Gidan Rimi. Alijua mzazi huacha nini sakafuni. Asubuhi ile Tabawa, mke wa mshona kofia, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume kwenye kitanda cha tatu, na damu ilishuka kutoka kitandani mpaka kwenye ndara za mkunga. Azumi aliiona kwa macho yake. Alikwenda kuchota maji, akarudi, akapiga deki, akakamua tambara. Maji meupe. Sakafu kavu.

"Sista Ladidi," aliita kwa sauti ya chini. "Nani kadeki hapa?"

"Si wewe?" alijibu mkunga wa zamu bila kuinua kichwa.

"Mimi nimekuta kumeshalambwa."

Ladidi alicheka. "Mama Azumi, umeanza kufunga kabla ya Ramadhani? Nenda kanywe uji wa fura, njaa inakuchezea."

Akarudi kwenye faili la Tabawa. Pale penye nafasi ya damu iliyopotea akaandika alichomwandikia kila mzazi, kama walivyoandika wakunga wote waliomtangulia: mililita mia tatu. Hakupima. Hakuna aliyepima. Unatupia jicho sakafuni, unaangalia vitenge vilivyolowa, unaandika mia tatu. Mzazi akivuja kikombe, mia tatu. Akivuja beseni, mia tatu. Wako waliojaza nafasi hiyo kabla mtoto hajatoka, ili wasichelewe chai.

Adhuhuri Tabawa akaanza kuomba maji. Alasiri alikuwa maiti, viganja vyeupe, midomo myeupe. Daktari Sanusi, kijana aliyehudumia hospitali nzima peke yake, alifika akihema.

"Amepoteza damu kiasi gani?"

Ladidi alimpa faili. Daktari akasoma. "Mia tatu? Mia tatu haiui mtu." Akaandika kwamba moyo ulisimama, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine.

Sasa lije la kukasirisha. Hatua ishirini kutoka kitanda cha tatu kulikuwa na stoo ya metroni, na ndani ya stoo kulikuwa na boksi, na ndani ya boksi mlikuwa na mashuka mia moja ya plastiki. Shuka hilo linatandikwa chini ya mzazi, na mbele linaning'iniza mfuko wenye mistari: wa manjano ni mia tatu, mwekundu ni mia tano. Damu inaingia mfukoni, unaisoma kama unavyosoma maziwa kwenye chupa ya mtoto. Boksi lilikuwa pia na dawa mpya ya kukaza mfuko wa uzazi, isiyoharibika kwa joto, katika mji ambao umeme huja kama mgeni na kuondoka bila kuaga. Wakunga wote walipelekwa mafunzo siku tatu. Walifundishwa kwamba damu ikifika mstari mwekundu hakuna kujaribu dawa moja, kungoja, kisha kujaribu nyingine. Mambo matano yanafanywa kwa mkupuo: kusugua tumbo, dawa ya kukaza, dawa ya kuzuia damu, dripu, na kukagua inakotoka. Walirudi na vyeti na fulana.

Boksi likafungiwa. Lilikuwa likimngoja mke wa kamishna aje kulizindua, apigwe picha. Alikuwa ameahirisha mara tatu.

"Hajiya, mtu kafa," Ladidi alimwambia metroni, Hajiya Gambo, siku ile ya mazishi. "Tufungue boksi."

Hajiya Gambo alikuwa akipanga orodha ya wageni. "Kafa kwa mia tatu? Faili ni la mwandiko wako. Au ulidanganya, mwanangu?"

Ladidi akarudi wodini. Mwandiko ulikuwa wake kweli.

Siku ya tatu baada ya maziko, mchana mweupe, ndipo sauti ilipoanza. Ilikuwa sauti ndogo, kama paka anayelamba maziwa kwenye sahani. Ilitoka chini ya kitanda cha tatu kila mzazi aliyelala pale alipojifungua, na ilipokoma, sakafu ilikuwa kavu. Ikaja na harufu: chuma kilicholowa, na moshi wa ubani uliozimwa kwa maji. Wazazi walitoka wodini wakiyumba. Wawili walirudishwa wakiwa wamebebwa.

Ladidi aliinama na tochi. Ulikuwa msimu wa hamatani, vumbi la jangwa lilikuwa limefunika kila kitu, kitanda, dirisha, hata kope za watu, lakini pale chini, katikati ya vumbi lile, palikuwa na mduara safi mpana kama sinia, unang'aa, umelambwa mpaka saruji imekuwa laini, na alipokuwa bado amepiga magoti, aliisikia pumzi ya mtu aliyeshiba ikimpuliza shavuni, kisha sauti ya kike, ya upole kabisa, ikamuuliza:

"Umeandika ngapi?"

Na Ladidi, mwenye cheti, mwenye fulana, akajikuta akijibu, "Mia tatu."

"Ahsante," ikasema sauti, na kulamba kukaendelea.

Walimwita Malam Zubairu, mfukuza majini. Alikuja kwa pikipiki, mwanamume mfupi mwenye mafua na hasira za mafua. Alisoma aya, akanyunyiza maji, akasikiliza, akasoma tena. Kulamba hakukukoma. Akaomba daftari la wodi. Alilipitishia kidole ukurasa baada ya ukurasa.

"Wanawake hawa wote wamezaliwa tumbo moja?" aliuliza. "Mia tatu, mia tatu, mia tatu. Hata wauza mafuta ya taa hawapunji kwa usawa namna hii!"

"Malam, umeitwa kusoma au kukagua?" Hajiya Gambo alisema.

"Nimesoma! Huyu ni aljana, jini wa kike wa damu, na hakutumwa na mchawi yeyote. Damu ya mtu ina mwenyewe. Mkiikana kwenye karatasi inabaki haina mwenyewe, na isiyo na mwenyewe ndiyo riziki yake; akinyang'anywa, humdai mwandishi. Mimi nikae hapa namfukuza kwa mlango, ninyi mnamwandikia karamu? Mnanipotezea muda."

Akapenga kamasi, akawasha pikipiki, akaondoka. Hajiya Gambo akasema mzee yule hana adabu. Na Ladidi, nitamsema bila kumficha, bado hakufanya kitu. Aliogopa kupoteza kazi. Kila mtu pale alikuwa na kazi ya kulinda.

Mpaka alipoletwa Laure.

Laure alikuwa mdogo wake, tumbo moja, amebeba mimba ya kwanza. Aliletwa Jumatatu, hamatani imezidi hata taa za magari barabarani zilikuwa zimewashwa saa sita mchana. Vitanda viwili vilikuwa na watu. Kilichobaki ni cha tatu.

"Dada, mbona unanitazama hivyo?" Laure aliuliza katikati ya uchungu. "Nimeota pembe?"

"Sukuma, acha maneno."

"Nasukuma! Njoo ulale wewe basi, tuone!"

Mtoto alitoka vizuri, wa kike, analia. Kondo la nyuma likafuata. Halafu damu. Vitenge viwili vikalowa, cha tatu kikalowa, na Ladidi akaisikia, karibu kabisa na vidole vya miguu yake: kulamba, kwa pupa safari hii, kama mbwa. Akatazama chini. Sakafu kavu.

"Dada," Laure alisema taratibu. "Nipe maji."

Ladidi hakumpa maji. Alimwita Azumi akamshike mkono mdogo wake, akakimbia hatua zile ishirini. Hajiya Gambo alikuwa amesimama mbele ya stoo, funguo zinaning'inia kiunoni.

"Hajiya, fungua."

"Uzinduzi ni Alhamisi. Safari hii amethibitisha."

"Mdogo wangu anakufa!"

"Kavuja ngapi?"

"Sijui! Hakuna anayejua! Ndiyo maana nataka boksi!"

"Basi huna sababu. Nikimwonyesha mgeni boksi lililochanwa nitasema nini?"

Ukutani ulikuwa umeegemezwa mtungi wa oksijeni na spana yake. Ladidi aliichukua spana. Hajiya Gambo aliruka pembeni, kwa maana hakuwa mjinga. Kufuli lilivunjika kwa pigo la tatu.

Shuka lilitandikwa chini ya Laure, Azumi akaushika mfuko kwa mikono miwili, na damu ikaanza kuingia mle ambamo kila mtu angeiona, ikapita mstari wa manjano, ikapanda, na chini ya kitanda kulamba kukakatika ghafla, pakawa na kimya cha mtu aliyenyang'anywa sahani, kisha mfuko ukavutwa kwa chini, ukanyooka, ukabonyea ndani kama shavu la mtoto anyonyaye, Azumi akiuvuta juu na kulia kwa sauti, na ile sauti ya upole, ambayo sasa haikuwa na upole wowote, ikasema sikioni mwa Ladidi:

"Sema mia tatu. Sema mara moja tu. Umezoea."

Damu ikagusa mstari mwekundu.

"Mia tano!" Ladidi alipaza sauti mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakasikia. "Mia tano, na inaendelea! Mwiteni daktari! Dawa zote!"

Mkono mmoja ulikuwa tayari unasugua tumbo. Mkunga mwenzake akachoma dawa mpya, akaweka dripu, akasukuma dawa ya kuzuia damu kwenye mshipa. Sanusi aliingia mbio, akakagua, akakuta mchaniko mdogo, akaushona. Hakuna aliyengoja mwenzake. Mfuko ulivutwa mara nyingine, kisha nyingine kwa udhaifu, na Ladidi akawa anasoma mistari kwa sauti kila dakika, mia sita, mia sita na themanini, mia saba na thelathini, mia saba na thelathini, mia saba na thelathini. Ikasimama.

Akachukua kalamu, na mkono uliojaa damu ukaandika: 730.

Chini ya kitanda kitu kilitapika. Hakuna neno jingine la kulisema. Kilitapika kwa mlio wa ndoo inayomwagwa, na damu ikatandaa sakafuni, ya zamani na nyeusi, yenye harufu ya ubani, nyingi kuliko ya mwanamke mmoja, mpaka ikafika mlangoni. Dirisha lilijifungua kwa kishindo, vumbi likaingia, na harufu ikatoka.

Azumi alipiga deki mpaka magharibi. Kila ndoo ilikuwa nyekundu. "Hii ni ya Tabawa," alikuwa akisema huku akikamua. "Hii ya Tabawa, jamani. Hii ya nani?"

Laure akaishi.

Laiti ingeishia hapo. Jumatano asubuhi Hajiya Gambo alimwita Ladidi ofisini. Boksi lilikuwa juu ya meza, limezibwa kwa gundi ya karatasi, utepe umefungwa juu yake. Pembeni palikuwa na faili la Laure.

"Shuka moja limepungua, nitasema walituletea tisini na tisa," metroni alisema. "Ila faili lazima liandikwe upya. Halikutumika shuka. Hakuna aliyepima."

"Sitaandika."

"Ladidi, nakufichia kosa la kuvunja stoo."

"Lisemwe. Nilivunja. Ukitaka nitavunja tena leo." Ladidi alishangaa sauti yake ilivyokuwa shwari. "Hajiya, nakuomba kama mama yangu. Usiandike."

"Unanitisha na sauti ya paka?"

Hajiya Gambo alichana ukurasa, akavuta mwingine, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya zamani. Tatu. Sifuri. Sifuri.

Chini ya meza, polepole, kulamba kukaanza.

Metroni aliinama kutazama miguu yake. Soksi zake nyeupe zilikuwa safi, bila hata tone. Alipoinua uso, midomo ilikuwa imekwisha kupauka, na viganja vilivyoshika ukingo wa meza vilikuwa na rangi ile ile ya viganja vya Tabawa. "Maji," alisema. "Nipe maji." Akateleza kwenye kiti.

Ladidi alilichana boksi kwa mikono, utepe na gundi vikaruka, akamtandikia shuka palepale sakafuni huku akipiga kelele kumwita daktari. Mfuko ulibaki mtupu. Hapakuwa na kitu cha kupima.

Daktari Sanusi alisukuma mlango, akapiga goti, akafunua kope za Hajiya Gambo, akaona weupe.

"Amepoteza damu kiasi gani?"

Kabla Ladidi hajafungua mdomo, chini ya meza kuna aliyejibu, kwa upole, kama mtu anayefuta midomo:

"Mia tatu."