Chip wa Televisheni na Dola za Baba Mkwe

Mume wangu, Bernie Hudock, aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na moja. Alistaafu mwezi wa tatu. Mwezi wa nne alifanyiwa upasuaji wa goti. Daktari akamwambia akae, ainue mguu, apumzike wiki sita.

Bernie hajui kupumzika. Siku ya kwanza alipanga upya makabati yangu yote ya jikoni. Nilitafuta chumvi hadi jioni. Siku ya pili nikampa rimoti ya televisheni. Kosa hilo ni langu, nalikubali.

Kuanzia hapo, kila asubuhi nilipokuwa nikipiga pasi, Bernie alikuwa na rafiki. Rafiki huyo anaitwa Chip. Chip anauza sarafu kwenye televisheni. Ana meno meupe na sauti tamu. Pembeni yake kuna saa nyekundu inayohesabu dakika zilizobaki.

"Marafiki zangu," husema Chip, "zimebaki kumi na nne tu! Zikiisha, zimeisha!"

"Irene! Simu! Nipe simu haraka!"

"Bernie, jana pia zilibaki kumi na nne."

"Za jana ni nyingine, mama. Za jana zilikuwa na lebo ya bluu."

Vifurushi vikaanza kuja. Kufikia katikati ya mwezi wa tano vilikuwa vinane. Katika kila kimoja mlikuwa na sarafu mpya ya madini ya fedha, inang'aa kama kioo. Ilikuwa imefungwa ndani ya kijisanduku cha plastiki kigumu. Juu yake kulikuwa na lebo: sarafu hii ilitengenezwa siku za kwanza za toleo lake, nayo haina dosari. Kila moja ilimgharimu Bernie kama dola mia moja na thelathini.

Sikumgombeza mapema, kwa kuwa nilijua anachotafuta. Mjukuu wetu Brianna alikuwa anamaliza shule mwezi wa sita. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Tulikuwa tumemwekea akiba kidogo kwa ajili ya vitabu, sare na viatu.

"Chip anasema zitapanda bei," Bernie aliniambia. "Tukimpa Brianna pesa, ni pesa tu. Tukimpa hizi, atauza kwa bei mara mbili."

Aliamini kila neno. Na mimi niliiona akiba ya mjukuu wetu ikienda kwa Chip, kifurushi baada ya kifurushi. Nilianza kukosa raha.

Kulikuwa na sarafu nyingine nyumbani. Baba yake Bernie alikuwa mchimba makaa ya mawe. Kila Krismasi alikwenda benki akabadilisha noti ya dola moja kwa sarafu ya zamani ya dola, ya madini ya fedha. Aliacha tisa, ndani ya soksi ya sufu. Hizo zilikuwa za kijivu, nyingine karibu nyeusi.

Ijumaa moja asubuhi Bernie alizimwaga mezani.

"Tazama aibu hii," alisema. "Za Chip zinang'aa. Za baba zinaonekana zimetoka chini ya mgodi pamoja naye. Nazo nataka kumpa Brianna. Tuna dawa ya meno ya ziada?"

Nikampa dawa ya meno. Nikampa na mswaki wa zamani. Alisugua ya kwanza, akaisuuza, akaipangusa kwa taulo. Ikametameta.

"Eh!" nilisema. "Imekuwa mpya!"

Ndiyo, nilimsifu. Naandika hili kwa aibu.

Kisha nikaondoka, kwa maana Ijumaa ni siku ya kutengeneza pierogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha, katika ukumbi wa zimamoto. Wanawake kumi na wawili hukaa kwenye meza ndefu. Tunajaza viazi na jibini ndani ya unga uliokandwa, tunabana kingo, tunawauzia watu wa mji. Mwaka huu tulikuwa tunachangia mipira mipya ya maji ya kuzimia moto. Mimi hukaa karibu na Verna Reichert. Verna ana duka la sarafu karibu na kinyozi, alilorithi kwa mumewe. Anajua sarafu kuliko mwanamume yeyote wa wilaya yetu, na anabana pierogi vibaya kuliko mwanamke yeyote.

"Verna, hiyo itapasuka ndani ya sufuria," nilimwambia.

"Ipasuke tu. Bernie hajambo?"

"Hajambo. Ana shughuli leo. Anasafisha dola za marehemu baba yake kwa dawa ya meno."

Pierogi ilimdondoka Verna mkononi.

"Anafanya nini?"

"Anazisugua. Zilikuwa chafu sana. Moja tayari, sasa inapendeza ajabu."

"Moja tu? Zimebaki ngapi?"

"Nane. Kwani vipi?"

"Irene, funguo za gari lako ziko wapi?"

Tulitoka mbio na aproni zetu, unga hadi viwikoni. Nilimpigia Bernie simu. Ilikuwa inatumika.

"Anaongea na nani?" Verna aliuliza.

"Na watu wa Chip, nani mwingine?"

"Endesha, Irene! Taa ni ya kijani hiyo!"

Tulipoingia jikoni, Bernie alikuwa ameshika simu kwa bega. Mkono mmoja ulikuwa na dola ya pili, mwingine una mswaki wenye dawa.

"Weka mswaki chini!" Verna alipaza sauti.

Bernie aliinua mikono yote miwili juu. Simu ikaanguka ndani ya bakuli la maji. Verna akamnyang'anya sarafu ile, akaitazama. Ilikuwa bado kavu. Akavuta kiti akaketi, na mimi nikacheka mpaka nikashika meza.

Bernie hakucheka.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

Verna alinawa mikono, akakausha. Akatoa kioo kidogo cha kukuzia kwenye mkoba wake. Alishika ile dola iliyosuguliwa kwa kingo zake, bila kugusa uso.

"Njoo utazame, Bernie. Unaona nini?"

"Inang'aa."

"Tazama vizuri."

Bernie alitazama kwa muda. "Naona mikwaruzo. Midogo midogo, kama nywele. Imejaa kila mahali."

"Hiyo ni dawa ya meno. Ule weusi haukuwa uchafu. Fedha hujifunika rangi hiyo yenyewe kwa miaka mingi, na wakusanyaji wanaipenda. Ukiisugua, unakwangua uso wa sarafu. Haurudi tena." Akaigeuza nyuma. "Sasa tazama hapa, chini ya shada la majani. Herufi mbili ndogo zinaonyesha kiwanda kilichoitengeneza. Kiwanda hiki kilitengeneza chache. Jana ningeweza kuiuza hii kwa dola mia mbili. Leo, labda themanini."

Bernie aliitazama sarafu, kisha akatazama ukuta.

"Baba alishuka mgodini miaka arobaini," alisema. "Hakuiharibu yeye. Nimeiharibu mimi, nikiwa nimekaa kwenye kiti."

Nilimhurumia sana. Nilisahau kwamba nilikuwa nimemkasirikia.

"Umeharibu moja," Verna alisema. "Nane ziko salama, na mojawapo ina herufi hizo hizo. Nisingekukuta mapema, hapo ningelia pamoja nawe. Haya, nionyeshe na hizo za huyo Chip wako. Irene amenisimulia."

Bernie alizileta taratibu. Verna alizipanga mezani, akasoma lebo zote.

"Ni za kweli?" niliuliza.

"Za kweli kabisa. Chip hakukudanganya kuhusu sarafu. Tatizo ni bei. Zilizotengenezwa kama hizi ni mamilioni, Bernie. Sarafu hiyo hiyo, bila plastiki, naiuza kama dola thelathini na tano. Ikiwa na plastiki na lebo, sitini. Wewe umelipa mia na thelathini. Umenunua fedha kidogo na karatasi nyingi."

"Lakini alisema zimebaki kumi na nne!"

"Kwake, saa hiyo. Sio duniani."

"Wewe pia ni muuza sarafu," Bernie alisema. Alikuwa ameanza kuona haya, na Bernie akiona haya huwa mbishi. "Lazima umseme vibaya mwenzako. Nitajuaje kama si wewe unayetaka kunila?"

Nilitaka kumkanyaga mguu, ila nikakumbuka goti. Verna hakukasirika hata kidogo.

"Swali zuri! Uniulize mimi hivyo hivyo, na umwulize kila muuzaji. Wako wenye maduka wanaokamua watu kuliko Chip. Usimwamini mtu kwa sababu ya duka lake wala televisheni yake. Mwulize hivi: nikinunua sarafu hii kwako leo, kisha nikakuuzia leo hii hii, utanipa ngapi? Mimi hii ya sitini nitainunua kwako kwa hamsini. Faida yangu ni hiyo kumi, unaiona kwa macho yako. Sasa mpigie Chip."

Simu ya Bernie ilikuwa bado inatoa maji. Nikampa yangu. Aliweka sauti kubwa ili sote tusikie. Dada mmoja mwenye adabu akapokea.

"Dada," Bernie alisema, "nimenunua kwenu sarafu nane. Nikitaka kuwauzia tena leo, mtanipa ngapi?"

"Samahani, bwana. Sisi hatununui. Tunauza tu."

"Hata moja?"

"Hata moja, bwana. Je, ungependa kusikia ofa yetu ya leo? Zimebaki kumi na nne."

Verna alijifunika uso kwa aproni. Mimi machozi yalinitoka. Na Bernie mwenyewe, polepole, mdomo ulianza kumcheza, halafu akaangua kicheko.

Verna alisoma karatasi zilizokuja na vifurushi. Iliandikwa kwamba mnunuzi anaweza kurudisha sarafu ndani ya siku thelathini na kurudishiwa pesa. Vifurushi vitano vilikuwa bado ndani ya siku hizo. Tulivifunga siku ile ile, bila kufungua plastiki, tukaenda posta, tukachukua risiti. Vitatu vilikuwa vimechelewa. Hivyo tunavyo mpaka leo, na Bernie anavitunza mwenyewe.

Baada ya wiki mbili pesa za vifurushi vitano zilirudi. Tulizirudisha kwenye akiba ya Brianna, zikatosha vitabu.

Goti lilipopona, Bernie alikwenda maktaba. Aliazima kitabu cha bei za sarafu, akakisoma kama alivyokuwa akisoma ramani ya barabara. Alijifunza pia kutazama kwenye mtandao bei ambazo watu wamelipa kweli. Bei ambazo wauzaji wanaomba tu, alizipita.

Brianna alimaliza shule. Kwenye sherehe, Bernie alimpa zile dola nane, zikiwa nyeusi vile vile. Alimwambia na habari ya ile ya tisa, hakuficha.

Brianna alimbusu. Kisha akauliza, "Babu, nikiziuza utakasirika?"

Bernie alizitazama tena zile dola.

"Kuuza zote?"

"Tatu tu. Bado sina sare wala viatu. Viatu vya wauguzi ni ghali, Babu, unasimama kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku."

Nilijua linamuuma, ni dola za baba yake. Mwisho akasema, "Baba aliziweka ili siku ikifika zimfae mtu. Sawa. Lakini tutauza kwa akili."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na maonyesho ya sarafu kwenye ukumbi wa mji wa jirani. Wauzaji arobaini walipanga meza zao. Bernie alinionya nisiseme kitu. Yeye pia angenyamaza, Brianna ndiye angeongea.

Kwenye meza ya kwanza, mzee mwenye kofia nyekundu aliichukua ile yenye herufi mbili.

"Mia na ishirini," alisema. "Lakini uamue sasa hivi, binti. Dakika tano zijazo pesa hii naipeleka kwingine."

Nilimtazama Bernie. Alikuwa ameuma midomo yote miwili.

"Basi ipeleke, mzee," Brianna alisema kwa upole. "Asante." Akachukua sarafu yake akaondoka.

Meza ya pili ilikuwa ya Verna. Aliikagua, akasema mia na sitini. "Ila usiniuzie bado. Zunguka kwanza."

Meza ya tano, kijana mmoja mkusanyaji alisema mia na themanini. Brianna alirudi kwa Verna kumwuliza.

"Mia na themanini? Mpe, mpe!" Verna alisema. "Mimi sifiki huko. Kimbia kabla hajabadili mawazo!"

Zile mbili nyingine, za kawaida, Verna mwenyewe alizinunua kwa bei nzuri. Tulitoka Brianna akiwa na pesa za sare na viatu. Tano zilizobaki zilikuwa mfukoni mwake, naye amesema hizo haziuzi kamwe.

Mwezi wa tisa Brianna alituma picha. Amesimama mbele ya hospitali ya mafunzo, sare ya bluu, viatu vyeupe pe. Bernie aliikuza ile picha kwenye simu mpaka ikabaki miguu tu. Akavaa koti, akaenda ukumbi wa zimamoto Ijumaa, mahali ambapo wanaume hawaingii kabla ya saa sita. Aliizungusha simu meza nzima, kila mwanamke aone.

"Viatu tu, Bernie?" mmoja aliuliza. "Uso wa mtoto uko wapi?"

"Uso mnaujua," alisema. "Nataka muone dola za baba yangu zinavyotembea."