Malaria ya Wahome

Majirani zangu wa Kapseret, na wewe mwingine usiyenijua, keti kidogo nikueleze habari ya nyumba yetu. Sitatumia maneno mengi. Nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kupamba habari.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, baada ya ibada. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ikaacha. Mahindi nyuma ya nyumba yalikuwa yameanza kutoa mbelewele, na ng'ombe wetu watatu walikuwa wamelala kando ya ua wakicheua. Tuliketi nje, mezani. Ndugu yangu Wahome alikuwa ametandaza ramani ya Kenya na kuibana pembe zake kwa vikombe vya chai. Mkononi alikuwa na kalamu nyekundu.

Wahome alikuwa mdogo wangu, mwenye miaka ishirini na tisa. Aliuza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja mjini Eldoret. Tangu akiwa mtoto alipenda ramani, na sehemu aliyoipenda zaidi ni ile ya juu, kaskazini, ambako miji ni michache na karatasi inabaki tupu. "Mimi nauza mbegu kila siku," alikuwa akisema. "Nataka kuona mahali ambapo hakuna mtu anapanda kitu."

Waliokuwa naye mezani ni Lawrence, rafiki yake tangu sekondari, na Sylvia, mke wa Lawrence. Gari lilikuwa la Lawrence, Prado kuukuu aliyoipenda kama mtoto. Sylvia alifanya kazi katika duka la dawa mjini.

"Siku ya kwanza tunalala Maralal," Wahome alisema akigusa ramani. "Ya pili tunafika ziwani Turkana. Ya tatu tunaingia Sibiloi, tuone ile miti iliyogeuka mawe. Halafu jangwa la Chalbi, halafu mbuga ya Marsabit, tunarudi nyumbani."

"Na maji?" Sylvia aliuliza.

"Mitungi minne ya lita ishirini."

"Ya watu watatu?" Lawrence akasema. "Kwani unapeleka ng'ombe?"

"Huko si Elgon View kwenu, bana. Hakuna mfereji wa kuoshea gari."

"Sawa. Lakini mimi ndiye nitaendesha njia yote, maanake huyu gari hataki kugusa. Miaka kumi ni abiria tu."

"Nitakusomea ramani. Na nitakuimbia."

"Usiimbe. Tutapata pancha."

Sylvia alikuwa akiandika orodha ya dawa za kubeba. "Bandeji. Ya kuhara. Ya kichwa. Na ya malaria dozi mbili, kwa sababu ya Wahome."

"Andika tatu," Lawrence akasema. "Hapa kwetu kuna baridi mpaka mbu wanavaa sweta, lakini huyu malaria haimwachi. Mbu wa Kapseret wanamjua kwa jina!"

Tulicheka. Mama, aliyekuwa akituongezea chai, alicheka. Wahome alicheka kuliko sote. Nami nilicheka. Naomba mkikumbuke kicheko hicho, kwa sababu malaria haikuwepo. Ndugu yangu alikuwa na kifafa.

Kilimwanza akiwa na miaka kumi na minne. Alianguka langoni akiwa amebeba maziwa ya asubuhi. Baba, Mzee Kinyanjui, alikuwa bado hai. Alimpeleka hospitali, akapewa vidonge vya asubuhi na jioni. Waliporudi, Baba alituketisha akasema, "Neno hili lisitoke nje ya ua huu." Sikumlaumu wakati huo. Karibu nasi kulikuwa na msichana aitwaye Angeline, mwenye ugonjwa huohuo. Nilimwona kwa macho yangu akila peke yake nje ya jikoni, kwa sahani yake, eti asiwaambukize wenzake. Wengine walisema nyumba yao imelaaniwa. Sisi tuliogopa sahani ile.

Basi tukachagua malaria. Nani humwuliza mtu mwenye malaria swali la pili? Wahome akianguka, malaria. Akikosa shule siku mbili, malaria. Vidonge mimi mwenyewe nilikuwa nikivitoa katika pakiti ya hospitali na kuvitia katika chupa ya vitamini, ili hata mgeni akiiona asishangae. Kwa miaka kumi na mitano nilijaza chupa ile. Akimeza dawa zake vizuri, humaliza mwaka mzima bila kuanguka. Akiziruka, huanguka. Hakuna zaidi ya hayo. Hata kuendesha gari alijikataza mwenyewe, akavumilia kuitwa mwoga.

Mwaka huu kulikuwa na jambo jingine. Wahome alikuwa amepata mchumba, Nyakio, mwalimu wa watoto wadogo kule Plateau. Wazazi wake walikuwa karibu kupanga nasi tarehe ya mahari. Nilimwuliza Mama kama hatungemwambia msichana.

"Tutamwambia wakishaoana," Mama alisema.

"Na akikasirika?"

"Atakuwa ameshampenda zaidi."

Waliondoka Jumanne, mwezi wa nane, saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ilikuwa kali, na Lawrence alikuwa akifuta kioo cha gari kwa gazeti. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeweka chupa ya vitamini katika mfuko wa pembeni wa begi la Wahome. Mitungi ikapakiwa, hema likapakiwa, na ramani ikapewa mahali pake pa heshima mbele. Sylvia alishusha kioo.

"Dada Wanja, wewe ndiye daktari wake. Kuna kitu tunafaa kujua kabla tuende?"

Aliuliza kwa mzaha, lakini aliuliza. Nilimtazama Wahome. Alikuwa akiyatazama magoti yake.

"Mvalisheni kofia," nikasema. "Jua likimpiga analalamika kama mtoto."

Wakacheka, wakaenda. Mama alisimama langoni akipunga mkono mpaka taa za nyuma zikapotea kwenye ukungu.

Saa nne nilikwenda kuchukua majani ya chai. Nyuma ya mkebe niliikuta chupa. Nilipoifungua niliona vidonge ni vingi kuliko ilivyopaswa. Nilipovihesabu nilijua alikuwa ameacha kumeza tangu Jumamosi, maana vilimpa usingizi, na wiki ile hakutaka kusinzia. Nilimpigia simu. Walikuwa wamesimama juu ya bonde, karibu na Kabarnet.

"Umesahau chupa," nikamwambia.

"Sijasahau." Aliongea kwa sauti ya chini. "Sylvia anauza dawa hizo kila siku, Wanja. Akiona rangi tu atajua."

"Basi ajue."

"Halafu amwambie Nyakio? Wanaongea kila siku hao. Ni siku sita tu. Usimwambie Mama."

"Wahome."

"Aki, ungeona hapa. Bonde lote liko chini yangu. Niache nione hata mara moja, siz."

Nilimwambia Mama. Mama alisema tuombe, tukaomba. Maombi siyakatai, lakini nambari ya Sylvia ilikuwa katika simu yangu wakati wote tulipokuwa tumepiga magoti.

Kesho yake, Jumatano, Mama Nyakio alikuja na dada yake. Tulikuwa tumewachinjia kuku. Mnamo saa tano, wakiwa wanakunywa chai sebuleni, simu yangu ililia. Ilikuwa Sylvia. Kutoka nje na simu mbele ya wageni kama hao kungeonekana kama ninaficha jambo, kwa hivyo nilipokea palepale nilipoketi.

"Dada, tuko Baragoi. Wahome ameanguka hapa hotelini tukinywa chai. Ametetemeka mwili mzima, amejiuma ulimi. Sasa ameamka lakini anaongea vitu hatuelewi. Dada, mimi naona kama hii si malaria. Niambie ukweli. Tumrudishe hospitali Maralal, ama ni ile malaria yake?"

Sauti yake ilisikika chumba kizima, ingawa sidhani maneno yote yalisikika. Mama Nyakio alikuwa ameshika kikombe, hajakifikisha mdomoni. Mama yangu alinitazama. Hakutikisa kichwa, hakunikonyeza. Alinitazama tu.

"Ni malaria yake," nikasema. "Humshika hivyo. Mpe dawa, apumzike."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Nikakata. "Nani mgonjwa?" Mama Nyakio akauliza.

"Wahome. Malaria kidogo."

"Pole jameni. Na jua la huko." Akanywa chai yake.

Niliketi. Niliwapakulia chakula. Tukapatana tarehe, Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, na dada ya Mama Nyakio akapiga vigelegele. Nilipoweza kutoka, jua lilikuwa limeshapita utosini. Nilikwenda nyuma ya zizi nikampigia Sylvia. Hapatikani. Nikampigia Lawrence. Hapatikani. Walikuwa wamepita mahali mtandao unapoishia. Niliandika ujumbe: NI KIFAFA. HANA DAWA. RUDINI MARALAL. Ukakaa pale na alama moja ya kijivu. Nilisimama karibu na ng'ombe nikiitazama alama ile mpaka wakati wa kukamua ukafika, na nikakamua.

Yaliyobaki nimeyapata kwa Lawrence. Walimpa Wahome dawa ya malaria. Akalala saa moja, akaamka, akauliza kama wamemwachia mandazi. Walipomwona anatania, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimesema nina uhakika, wakaendelea mbele. Walipita South Horr. Alasiri walifika mahali barabara inapoteremka kwenye mawe meusi, na ziwa likaonekana kwa mara ya kwanza. Wahome akaomba wasimame. Akashuka, kofia kichwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni kijani," alisema. "Kwenye ramani wameweka bluu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alianguka pale kwenye mawe. Kifafa kilipoachia, kingine kikaanza kabla hajafungua macho, kisha kingine. Sasa Sylvia alijua ni nini. Alimlaza kwa ubavu, akamkinga kichwa kwa miguu yake, akafungua sanduku la dawa. Ndani kulikuwa na bandeji, ya kuhara, ya kichwa, na ya malaria. Waligeuza gari. Lawrence aliendesha kwa kasi ambayo barabara ile hairuhusu. Wahome alikata roho kwenye kiti cha nyuma kabla jua halijatua, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Sylvia.

Walipokaribia Baragoi, mtandao ulirudi, na ujumbe wangu ukaingia.

Sylvia hajawahi kunigombeza. Alikuja matangani, akaketi karibu nami, akafungua simu, akanionyesha ujumbe ule na saa ulipofika. Kisha akaizima.

Katika karatasi ya mazishi mliyosomewa hapa, iliandikwa kwamba Wahome aliaga dunia baada ya kuugua malaria kwa muda mfupi. Mimi ndiye niliyeandika, kwa hati yangu. Hata jeneza likiwa mbele yetu tulidanganya. Baada ya kuzika, Nyakio alipita mbele yangu bila kuinua macho. Mama yake ndiye aliyesimama. Habari alikuwa ameipata kwa Sylvia.

"Mlidhani ningemkataa?" akaniuliza.

Pengine angemkataa. Basi Wahome angekuwa hana mke, na kesho asubuhi angefungua duka, auze mbegu.

Funzo

Majirani zangu, kuficha ugonjwa si kumlinda mgonjwa. Sisi tulijilinda wenyewe, tukamwachia Wahome gharama yote. Uongo wetu ulikuwa mdogo na tulikuwa tumeuzoea. Ulipofika Baragoi ukawafunga mikono watu wawili waliompenda, ambao wangegeuza gari kwa neno moja tu kutoka kwangu.

Kifafa hakiambukizi. Si laana. Kina dawa, na dawa haiachwi kwa sababu ya safari, wala kwa kuona haya. Ukiwa nacho, waambie wale unaosafiri nao kabla gari halijawashwa. Mwenzako akianguka, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, na kisipoachia upesi mkimbize hospitali. Na ninyi mnaowatengea watu sahani, mjue kwamba nyumba kama yetu inawatazama kutoka upande wa pili wa ua, na inajifunza kunyamaza.

Wewe unayemficha mtu leo, simu yako haijalia bado. Ikilia, sema.

Jana jioni nilimsomea Mama haya yote. Alisikiliza akiwa na chupa ile ya vitamini mkononi, akibandua karatasi yake kidogo kidogo kwa kucha. Nilidhani atanikataza kuyatoa nje ya ua. Nilipomaliza, aliniuliza tu kama nimeandika jina kamili la Wahome.

Sikuwa nimeliandika. Basi nauandika upya ule mstari wa karatasi ya mazishi, kama ulivyopaswa kusomwa mbele yenu: Samuel Wahome Kinyanjui, mtoto wa nyumba hii, alikuwa na kifafa, na alifika akaliona ziwa.