Hili Jino la Nani?

"Hili jino la nani?"

Daktari aliendelea kuvua glavu kana kwamba hakusikia. Kicheko akakisogeza kioo karibu zaidi na mdomo.

Meno yake yalikuwa na mabaka ya kahawia tangu utotoni, sawa na ya mama yake na dada zake wote. Maji ya kisima chao ndiyo yaliyoyapaka rangi hiyo. Asubuhi ile, akiwafundisha watoto kuogelea, aliteleza na kuvunja jino la mbele kwenye ukingo wa bwawa. Akakimbilia kwa mchumba wake, huyu daktari wa meno. Sasa katikati ya mdomo kulikuwa na kitu cheupe pe, kama kipande cha sahani.

"Nimekuuliza."

"Lako, mpenzi. Limependeza."

"Nilikwambia lifanane na mwenzake. Ukakubali, nikafumba macho nikakuachia mdomo wangu."

"Rangi za mabaka zina kazi. Ukikosea kidogo tu..."

"Juzi ulinionyesha jino la yule mzee, na doa lake la sigara. Ulijisifu kwamba hata mkewe hakulitambua. Kwangu ndiyo mkono umekufa?"

Simu ya Kicheko ikalia, ujumbe umeingia. Ulitoka kwa mama mkwe mtarajiwa. Akausoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Mwanangu kaniambia jino la kwanza leo analifanya jeupe. Hayo mengine nayo myamalize kabla ya harusi. Sitaki wageni waseme tumeoa kwenye meno machafu."

Daktari akakaa.

"Mama ana maneno tu, unamjua."

"Mama yako sikumkabidhi mdomo wangu. Nilikukabidhi wewe."

"Nilitaka amani."

"Ukaitafuta mdomoni mwangu, bila kuniuliza. Na mama yangu akija harusini, naye mtamziba mdomo?"

Kicheko akachukua mkoba, akafika mlangoni, akashika kitasa. Kisha akageuka, akarudi kulala kwenye kiti.

"Litoe."

"Leo?"

"Sasa hivi. Na kioo nakishika mimi."

Daktari alilichonga lile jeupe lote, akaanza upya. Akapaka tabaka la chini lenye umanjano kidogo. Akachovya ncha ya brashi kwenye rangi ya kahawia, akagusa, akasubiri.

"Imezidi," Kicheko alisema.

Akaifuta, akagusa tena.

"Kwenye mwenzake, hapo juu, kuna weupe kama ukungu. Hujawahi kuuona? Miaka mitatu unanibusu."

Akauweka. Akafunika yote kwa tabaka jembamba linalopitisha mwanga, akaligandisha kwa taa ya buluu. Kicheko akatazama kioo muda mrefu. Meno mawili yalifanana kama mapacha. Hakucheka.

Daktari akapiga simu, akaweka spika.

"Mama, jino nimelirudisha lilivyokuwa."

"Na picha za harusi je, mwanangu?"

"Atapigwa alivyo. Na ule ujumbe, mama, utamwomba msamaha. Mimi naanza, kosa kubwa ni langu."

Mama akasema taratibu, "Mpe simu."

Kicheko akatikisa kichwa.

"Mwambie nitampigia kesho. Leo nikifungua mdomo nitamvunjia heshima."

Akashuka kwenye kiti, akachukua mezani funguo za gari la mchumba wake, akamtupia.

"Nipeleke nyumbani. Na usiniongeleshe njiani, bado nina hasira na wewe."

"Harusi je?"

"Ningekuwa nimeghairi, ningepanda teksi."